Mama Nesi na Mambo Ambayo Hayakutokea

Wajukuu zangu, mkihudhuria msiba huku kwetu Meru mtasikia wasifu wa marehemu ukisomwa kabla ya jeneza kwenda kaburini. Alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa, aliolewa, alijaliwa watoto kadhaa, aliugua, amelala. Wa Mama Nesi ulikuwa hivyo hivyo. Kuhusu kazi yake tulisomewa sentensi moja tu, kwamba marehemu alikuwa muuguzi katika zahanati mbalimbali hadi alipostaafu mwaka 2010. Miaka karibu 40 ikapita hapo kama basi la Moshi linavyovipita vituo vidogo bila kusimama.

Simlaumu msomaji. Wingu lilikuwa limeshafunga mlima, watu walikuwa wengi, na mchungaji alikuwa anaangalia saa. Tena kazi yenyewe ni ngumu kuisimulia. Fundi akijenga nyumba, utaiona nyumba. Mwalimu akifundisha, utaona vyeti ukutani. Lakini muuguzi wa zahanati akifanya kazi yake vizuri, mara nyingi hakuna kinachotokea. Mtoto haugui surua. Mzazi havuji damu hadi kufa. Miguu ya kijana haipindi. Nani atausoma wasifu wa jambo ambalo halikutokea? Mimi leo nitajaribu. Jina lake la ubatizo nawaachia wanawe. Sisi wengine wote tulimwita Mama Nesi, na hapa ataitwa hivyo.

Alizaliwa mwaka 1950 upande wa kaskazini wa mlima, Engare Nanyuki. Hakuwahi kupakumbuka kwa macho yake mwenyewe, maana hakukaa. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka mashamba yao ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa. Yeye alivuka kuja upande huu akiwa mgongoni kwa mama yake. Wazee walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Hilo mtalisoma shuleni kwa urefu, na kama hamjalisoma mwulizeni mwalimu wa historia kwa nini. Mimi nalitaja ili mjue kwamba Mama Nesi alilelewa na mwanamke aliyewahi kuona paa lake likiungua, naye alikua akijua kufungasha vitu haraka.

Baadaye vijana kama nyinyi walipomuuliza kwa nini alichagua uuguzi, walitarajia jibu la kupendeza, jambo la wito na huruma. Aliwaambia kwamba msichana aliyemaliza shule enzi zake alikuwa na njia mbili, ualimu na uuguzi, na yeye vumbi la chaki lilimpigisha chafya.

Alikuwapo mwanamke mmoja aliyependa kumtaja, ingawa hawakuwahi kukutana. Huyo alikuwa Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa kwa basi. Alizaliwa 1934, akasomea uuguzi, lakini akakataa kutumika chini ya wakoloni. Akaingia chama cha TANU, akaenda kusoma Oxford katika Chuo cha Ruskin, akarudi akawa mbunge na miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupewa nafasi ya uwaziri Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilipoamua kwamba fedha za afya zisiishie kwenye hospitali kubwa za mijini, Lucy Lameck alikuwa katika Wizara ya Afya akiwa naibu waziri. Alifariki 1993. Mwaka 2021, kule Berlin, mtaa uliokuwa unaitwa kwa jina la Hermann von Wissmann ulibadilishwa ukaitwa Lucy-Lameck-Straße. Wissmann ndiye aliyeyaongoza majeshi ya Wajerumani dhidi ya Abushiri kule pwani, na Abushiri akanyongwa Pangani mwaka 1889. Mjukuu mmoja alipomwonyesha Mama Nesi habari hiyo kwenye simu, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, “Basi na mimi wanipe hata kichochoro cha kwenda kisimani.”

Hajapewa bado.

Mama Nesi alivaa sare mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 70, na bahati yake, au balaa yake, alianza kazi ikiwa nchi nzima inasikiliza redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Hamwezi kuielewa kwa kufikiria matangazo ya siku hizi. Watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusoma. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi. Kipindi kikirushwa na Redio Tanzania, mnakaa chini ya mti, mnasikiliza, kisha mnafungua kitabu, mnajadiliana, halafu mnasema leo tunafanya nini. Si tunajifunza nini, bali tunafanya nini. Kuchimba choo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa, kufukia madimbwi ya mbu.

Kikundi chetu kilikutana nyuma ya ghala la kahawa, nami nilikuwa mtoto wa kubeba kigoda cha bibi yangu. Namkumbuka Mama Nesi akiwa bado msichana, kofia nyeupe kichwani, akibishana na wazee waliokuwa na umri wa baba yake. Hakupandisha sauti. Aliuliza maswali. “Shikamoo mzee. Choo umechimba?” Nimechimba. “Kinatumika?” Hapo kimya. Mzee mmoja alikuwa amechimba choo kizuri kuliko vyote, amekiezeka, amekitia mlango na kufuli. Ufunguo uliwekwa kwenye kibweta, unatoka siku bwana afya akija kukagua. Familia yenyewe iliendelea kwenda migombani, maana waliona ni dhambi kuchafua kitu kizuri namna ile. Mama Nesi hakumripoti. Alienda pale siku ya Jumapili baada ya ibada, akaamkia, akaomba kujisaidia. Utamnyima mgeni? Kufuli likafunguliwa. Jumapili iliyofuata akaja tena. Na nyingine tena, safari hii na wanawake wa kwaya. Mwishowe mzee akachoka kutafuta ufunguo.

Sasa niwapeleke kliniki. Nyinyi nyote mlipimwa uzito mkiwa wadogo, lakini hakuna anayekumbuka, kwa hiyo mtaniamini tu. Mizani inaning'inia kwenye boriti au tawi la mti. Inafanana na saa kubwa yenye mshale mmoja, na chini yake kuna ndoano. Mtoto anavalishwa kichupi cha turubai chenye mikanda, anatundikwa pale, miguu inaelea hewani, analia kwa hasira zote alizojaliwa. Mama zao wamekaa kwenye benchi na wengine wameketi majanini, kila mmoja na khanga yake na kadi ya kliniki mkononi. Kadi ina mchoro wa mistari inayopanda, na kila mwezi muuguzi anatia nukta. Nukta zikipanda ndani ya eneo la kijani, mama anapewa kadi yake anaenda sokoni Tengeru, maana Jumatano na Jumamosi ni siku za soko. Nukta zikilala, au zikianza kushuka, hapo ndipo Mama Nesi aliposimamisha foleni.

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu. Hakumuuliza mama maswali mbele za wenzake. Alimwita pembeni, nyuma ya zahanati palipokuwa na mti wa mparachichi, akakaa naye, na foleni ikangoja juani. Wenye haraka walinung'unika. Lakini aliyoyasikia chini ya ule mparachichi hayakuwa maneno ya kusemwa kwenye benchi. Kwamba mume amehamia kwa mwanamke mwingine Usa River. Kwamba maziwa ya ng'ombe yanauzwa yote na mtoto ananyweshwa uji mtupu wa mahindi. Kwamba mama ana mimba nyingine na amemwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati. Nukta ikishuka kwenye kadi, chanzo chake kiko nyumbani. Mwezi uliofuata ungemkuta Mama Nesi kwenye nyumba ile, eti anapita tu, na kapu la mayai mkononi.

Ndani ya zahanati kulikuwa na kitu alichokiheshimu kuliko daftari la mshahara, nalo ni jokofu la mafuta ya taa. Mnashangaa jokofu linaloendeshwa na moto? Umeme haukuwepo, kwa hiyo utambi uliwaka nyuma yake mchana na usiku, na joto lile ndilo lililoendesha ubaridi. Chanjo inataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Ikipata joto inakufa, na enzi hizo chanjo iliyokufa haikuwa na alama yoyote: utamdunga mtoto, atalia, mama atafurahi, na mtoto hatakuwa na kinga. Ndiyo maana asubuhi na jioni, hata Jumapili, hata Krismasi, ilibidi mtu aangalie kipimajoto na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. Utambi ukitoa moshi, unakatwa. Tanki likikaribia kukauka, linajazwa. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na kuanzia hapo maisha yake yote ya ndoa yalizunguka jokofu lile. Mumewe, fundi wa magari, alikuwa akisema kwamba mkewe ana mume mwingine zahanati, mweupe na wa baridi.

Waulizeni bibi zenu kuhusu surua. Kabla ya chanjo ilikuwa ni ugonjwa wa kila mtoto, na wazazi wengine walisita kuhesabu watoto wao kabla haijapita. Macho yanakuwa mekundu, vipele vinatoka, kifua kinajaa, na mtoto aliyekuwa na utapiamlo huenda asipone, au apone akiwa kipofu. Mtoto wa siku hizi anachanjwa akiwa na miezi 9, na tangu mwaka 2014 anachanjwa tena akiwa na mwaka mmoja na nusu. Darasani kwenu hakuna anayemjua mtu aliyepofushwa na surua. Mnaona ninavyohangaika? Nataka kuwaonyesha kitu, na kitu chenyewe ni nafasi tupu.

Tuje kwenye maji, ambapo simulizi yake inanipendeza zaidi, kwa sababu alilazimika kuyapinga maneno yake mwenyewe.

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, nao ni volkano. Kwa mara ya mwisho ulifukuta kidogo mwaka 1910. Miamba yake ina madini ya floraidi, na maji yanayopita ndani ya miamba ile yanayabeba. Floraidi kidogo inalinda meno. Ikizidi inayaharibu: jino linapojengeka ndani ya ufizi wa mtoto, floraidi nyingi inalivuruga, na linapochomoza linakuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa, na ndipo mnaona matege na migongo iliyokakamaa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Nchi yetu mwaka 1974 iliruhusu hadi miligramu 8 kwa vijijini, si kwa kutojua bali kwa kukosa: ukifunga kila chemchemi iliyozidi, watu wa hapa watakunywa nini? Ndiyo maana ukienda Dar es Salaam ukacheka, mtu atakuambia, “Wewe wa Arusha.” Vijana wetu wengi wamejifunza kucheka wamefunga mdomo.

Na floraidi haina rangi wala harufu. Kule Maji ya Chai watu waliulaumu mto kwa kuwa una rangi ya hudhurungi, kumbe chemchemi safi inayong'aa ya upande wa pili ndiyo huenda imebeba zaidi. Chemchemi mbili zinazotenganishwa na shamba moja la ndizi zinaweza kutofautiana kabisa. Huwezi kujua mpaka maji yapimwe.

Tangu 1973 Mama Nesi alikuwa amehubiri jambo moja: chemsheni maji. Akapigana na wavivu, akapigana na waliosema maji yaliyochemshwa hayana ladha, akashinda. Kisha akahudhuria semina Ngurdoto, kilipo kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, akarudi na habari mbaya. Kuchemsha kunaua vijidudu, ndiyo, lakini floraidi haiondoki. Mvuke unaenda zake, floraidi inabaki, na maji yanakuwa makali zaidi kuliko mwanzo. Hebu jiwekeni mahali pake. Unasimama mbele ya wanawake wale wale uliowasumbua miaka yote kwa kuni na sufuria, unawaambia kwamba endeleeni kuchemsha kwa ajili ya kuhara, lakini kwa ajili ya meno ya watoto kuchemsha hakusaidii kitu. Mmoja akamwuliza, “Sasa mama, tushike lipi?” Akajibu, “Yote mawili.” Lilikuwa jibu la kweli, na lilipokelewa vibaya sana.

Alifundisha kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, kwa kuwa mvua haijapita kwenye mwamba, na kuyatunza kwa ajili ya watoto wadogo hasa, maana jino likishakamilika halipati madoa tena. Alifundisha chujio la mkaa wa mifupa linalotumiwa Ngurdoto: mifupa ya ng'ombe inachomwa katika tanuri lenye hewa kidogo mpaka iwe myeusi, inasagwa chengachenga, inawekwa kwenye ndoo, na maji yakipita floraidi inanasa mle. Wengine walitaka kujua kwanza ni mifupa ya mnyama gani. Siku hizi kuna machujio ya aina nyingine. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake. Mama Nesi alifurahi kusikia, ila akauliza bei.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa vya magadi. Mnajua makande ya huku: mahindi na maharage vinachukua nusu siku jikoni, na kipande cha magadi kinavilainisha haraka. Magadi mengi yanayochotwa pembezoni mwa maziwa yetu yana floraidi tele. Kwa hiyo unaweza kukinga mvua, ukachuja, ukajisifu, halafu ukairudisha floraidi yote kwenye chungu kwa mkono wako mwenyewe. Alisema hayo kanisani, alisema kwenye vikao vya wazazi, alisema akiwa mgeni mezani kwa watu. Na kuni je? Kuloweka mahindi usiku kucha kunasaidia, lakini mama aliyerudi shamba jioni akakuta watoto wana njaa hana usiku wa kungoja. Mimi hapo sikuwahi kukubaliana naye moja kwa moja. Nadhani alipaswa kuzungumza na waliokuwa na fedha za kununua gesi kabla ya kuzungumza na wapishi.

Siku ya mazishi yake, watu mia kadhaa wakingoja chakula, niliingia jikoni nikaona kipande cha magadi kinatumbukia kwenye sufuria kubwa la makande. Wapishi wote walikuwa wanafunzi wake. Tuliangaliana. Mmoja akasema, “Angekuwepo angelimwaga.” Tukacheka mpaka waliokuwa wanalia ukumbini wakauliza kuna nini.

Alikuwa na watoto wanne, na hapa lazima niseme jambo ambalo huwa haliguswi kwenye wasifu. Binti yake wa kwanza aliniambia kwamba utotoni aliichukia ile taa ya chemli. Usiku ikibishwa hodi, mama aliwasha chemli, akajifunga kitenge, akachukua mkoba, akaenda kuzalisha, na nyumba ikabaki giza. Binti ndiye aliyeamka kuwapa wadogo zake uji. Siku ya matokeo yake ya darasa la saba mama alikuwa kwenye gari la kukodi anampeleka mzazi hospitali ya Mount Meru, kwa kuwa kondo la nyuma lilikuwa limekataa kutoka. Mzazi yule alipona. Binti alilia peke yake, na alikuwa na haki ya kulia. Msije mkaambiwa kwamba mtu anayewasaidia watu wengi haibii nyumba yake kitu. Anaiba. Mama Nesi mwenyewe alilijua hilo, na katika uzee wake alikuwa anampikia yule binti mtori kila alipokuja, mtori wa nyama ya mifupa anaopewa mzazi, ingawa binti mwenyewe alishapita umri wa kuzaa. Sikuwasikia wakilizungumza hata siku moja.

Ukimwi ulipotangazwa nchini mwaka 1983 ulikuwa mbali, Kagera, ng'ambo ya ziwa. Miaka ya 90 ulikuwa umefika vitongojini kwetu, na hapakuwa na dawa. Watu waliuguzwa vyumba vya nyuma, sahani yao ikitengwa. Mama Nesi alikuwa bado ameajiriwa, kwa hiyo kazi hii aliifanya jioni, bila malipo, na wanawake aliowakusanya mwenyewe: Walutheri, Wakatoliki, Waislamu wawili wa pale Usa River, na mwuza mbege mmoja ambaye makanisa yote mawili yalikuwa yamemkatia tamaa. Mwuza mbege ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, kwa sababu hakuna kilichomtia kinyaa.

Waligawana nyumba. Kila mmoja alikuwa na beseni, sabuni, jozi za glavu zinazofuliwa na kuanikwa kwenye kamba, na nguo kuukuu za pamba. Mara ya kwanza nilipofuatana nao nilimwona Mama Nesi akimgeuza kijana mmoja kitandani. Kwanza alimweleza, “Mwanangu, sasa nitakushika bega na nyonga, tutageukia ukutani.” Akamgeuza taratibu, akafuta mgongo kwa maji ya vuguvugu, akakausha kila mkunjo, akakagua visigino na kiuno kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, maana hapo ndipo vidonda vya kulala vinapoanzia. Kisha akachukua kikombe kile kile cha kijana, kilichobaki chai, akanywa mbele ya ndugu zake waliosimama mlangoni. Hakutoa mhadhara. Wiki ile ile sahani ya kijana ikarudi kwenye kabati la familia.

Kijana alifariki. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wengi wa wale waliooshwa na kina mama hawa walikuwa wameshalala migombani, na masale yameota pembeni mwa makaburi yao. Waliobahatika kufika mwaka ule wakiwa hai wapo, wengine mnawaamkia kila asubuhi njiani, na sitawatajia ni akina nani.

Alipostaafu hakupumzika, lakini kazi iliyomfuata nyumbani hakuitegemea. Miaka yote alikuwa na madaftari yake binafsi, yenye jalada gumu, tofauti na yale ya zahanati. Kila mtoto aliyemzalisha aliandikwa humo: siku, saa, uzito, jina la mama, na neno moja au mawili ya ziada. “Mvua kubwa.” “Alitanguliza miguu.” “Baba amezimia.” Mwishoni mwa 2019 serikali ilipotaka kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, watu wengi wa vijijini waligundua kwamba hawana cheti cha kuzaliwa na hawajui tarehe yao. Wakakumbuka daftari. Asubuhi ungekuta bodaboda zimejipanga kwenye geti lake. Watu wazima na mvi zao wakisubiri kwenye benchi, kama mama zao walivyosubiri mizani, ili waambiwe walizaliwa lini. Daftari lile halikuwa hati ya serikali, lakini lilimpa mtu pa kuanzia, na mtendaji wa kijiji alilijua na aliliamini.

Siku moja akaja bwana mmoja wa makamo, mtu wa heshima, mwajiriwa. Akampa shikamoo, akaletewa chai, akazunguka mbuyu kidogo, kisha akasema kwamba kazini ameandikwa kazaliwa 1978, na anaomba Mama Nesi amthibitishie hivyo. Mama Nesi akaenda ndani, akarudi na daftari, akalaza kidole kwenye mstari. Ilikuwa 1973. Bwana akasema labda ni mtoto mwingine mwenye jina kama lake. Mama Nesi akasoma maneno ya ziada yaliyoandikwa pembeni, kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia: “Kichwa kikubwa. Amenikojolea.”

Bwana akamaliza chai yake, akaaga.